Kuketi Pamoja Kabla ya Kuaminiana: Kisa cha Mazungumzo ya Burundi mjini Arusha

Tarehe 15 Juni 1998 serikali ya Burundi, bunge lake na vyama vya siasa vya nchi hiyo walianza mazungumzo ya amani mjini Arusha. Kwao vita ilikuwa ikiendelea. Wajumbe walitoka katika jamii mbili, Wahutu na Watutsi, ambazo kila moja ilikuwa na wafu wake wa kuwalilia, na kila moja iliamini kwamba waliokaa ng'ambo ya meza ama waliua, ama waliwaficha walioua. Mkataba wa Amani na Maridhiano ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baada ya miaka miwili na zaidi ya mabishano.

Nimekichagua kisa hiki kwanza kwa sababu kilitokea hapa kwetu, na vijana wengi wa Arusha wanaopita kila siku mbele ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, hawajui ni nini kilifanyika mle ndani. Pili, kinasahihisha wazo ambalo nalisikia sana kwa watu wanaofanya kazi ya usuluhishi, kwamba ni lazima wahasimu waaminiane kwanza ndipo wazungumze. Warundi hawakuaminiana walipoingia ukumbini, na kusema kweli wengi wao hawakuaminiana walipotoka. Kilichopatikana Arusha ni utaratibu ambao mtu angeweza kuishi ndani yake pamoja na hofu yake. Kuaminiana, kwa kiasi kilichopatikana, kulikuja baadaye na kuliletwa na matendo.

Hofu mbili zisizofanana

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa imeshampoteza kiongozi aliyekubalika kwa Wahutu na Watutsi pia. Mwanamfalme Louis Rwagasore wa chama cha UPRONA aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, wiki chache tu baada ya chama chake kushinda uchaguzi. Mwaka 1966 Kapteni Michel Micombero aliuondoa ufalme, na kuanzia hapo maofisa wa jeshi Watutsi walipokezana madaraka kwa miaka ishirini na kitu.

Mwaka 1972 Wahutu walianzisha uasi kusini mwa nchi na kuua Watutsi. Serikali ya Micombero ilijibu kwa kuwasaka Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi wa sekondari na chuo kikuu, makarani, wafanyabiashara, wanajeshi. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengine wengi walivuka mpaka kuja kwetu wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao wakakulia huko wakisoma shule zetu kwa Kiswahili. Mauaji mengine yalitokea mwaka 1988 katika tarafa za Ntega na Marangara, kaskazini.

Uchaguzi wa Juni 1993 ulimpa ushindi Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU, Mhutu wa kwanza kuwa rais wa Burundi na wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo wanajeshi walimuua, pamoja na spika wa bunge ambaye kikatiba ndiye angeshika nafasi yake. Habari zilipofika vijijini, Watutsi wakaanza kuuawa na majirani zao. Jeshi nalo likaingia vijijini na kuua Wahutu. Vita vilivyofuata vinakadiriwa kuua watu wapatao 300,000.

Hizo siku chache za Oktoba 1993 ndizo ufunguo wa kisa chote, kwa sababu zilizithibitisha hofu zote mbili kwa wakati mmoja. Mhutu alijua sasa kwamba hata akishinda kwenye sanduku la kura, jeshi litamnyang'anya ushindi na roho pia. Mtutsi alijua kwamba akiliachia jeshi, hana kitakachosimama kati yake na umati. Miezi sita baadaye mauaji ya kimbari ya Rwanda yakamwonyesha Mtutsi wa Burundi picha kamili ya alichokuwa akikiogopa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "mwamini mwenzako," unamtukana. Hofu yake ilikuwa na ushahidi.

Nani aliketi, nani hakuketi

Mwalimu Nyerere alikabidhiwa kazi hii ya usuluhishi mwaka 1996 na akaanza kwa vikao vya Mwanza kati ya UPRONA na FRODEBU. Vikao hivyo havikufika mbali. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, na siku sita baadaye viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya biashara.

Vikwazo viliuma, na vilimpa Buyoya sababu ya kuja mezani. Lakini vilimletea Mwalimu tatizo ambalo msuluhishi yeyote anapaswa kulitafakari. Vyama vya Watutsi vilimwona kuwa ni mtu wa upande wa pili: nchi yake ilikuwa mstari wa mbele kwenye vikwazo, nchi yake ilijaa wakimbizi Wahutu, na yeye mwenyewe hakuficha msimamo wake kuhusu watawala wanaoingia kwa bunduki. Alifanya nini? Hakujaribu kuwabembeleza wampende. Aliongeza idadi ya waliomo mezani, akawapa kazi nyingi kiasi kwamba mazungumzo hayakutegemea tena kukubalika kwake yeye peke yake. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999.

Hatimaye pande zilifika 19: serikali, bunge na vyama 17. Vyama vyenye Wahutu wengi vilijiita G7, vyenye Watutsi wengi G10. Kulikuwa na manung'uniko, na yalikuwa na msingi, kwamba vingine kati ya vyama hivyo ni vya mtu na marafiki zake, na kwamba wajumbe walikuwa hawana haraka kwa sababu posho ilikuwa nzuri. Naikubali hoja hiyo. Lakini naona pia kwamba chama kidogo cha wenye msimamo mkali kikiachwa nje ya ukumbi ndicho hugeuka kuwa tishio. Rwanda ilikuwa imetufundisha hilo hapahapa Arusha. Mkataba wa Rwanda ulisainiwa mjini hapa tarehe 4 Agosti 1993, ukagawa madaraka na jeshi kwa hesabu safi, asilimia 40 ya askari na nusu ya maofisa watoke kwa waasi wa RPF, wengi wao Watutsi. Chama cha CDR, ambacho hakikutaka Watutsi washiriki kabisa, kikabaki nje ya mgawanyo huo. Miezi minane baadaye mkataba ule haukuwa na maana yoyote kwa watu waliokuwa wakiuawa.

Kumbukumbu hiyo haikuwa mbali. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa katika jengo hilohilo la AICC. Tarehe 2 Septemba 1998, wakati mazungumzo ya Burundi yakiwa hayajamaliza hata miezi mitatu, mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa kosa la mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina yake kutolewa na mahakama ya kimataifa. Sijui kama kuna wasuluhishi wengine waliowahi kufanya kazi yao wakiwa jirani kiasi hicho na matokeo ya kushindwa.

Waliokosekana ni wale waliokuwa wakipigana hasa. CNDD-FDD na Palipehutu-FNL yalikuwa makundi ya waasi Wahutu yaliyojitenga na vyama vyake vya awali, na waliokuja Arusha walikuwa viongozi wa vyama hivyo vya awali, ambao hawakuwa na amri juu ya wapiganaji. Wakati wajumbe wanajadili, milio ya risasi ilisikika Bujumbura. Hili ndilo kosa kubwa la mazungumzo yale, na matokeo yake tutayaona.

Wanawake pia walikosekana, na kwao haikuwa kwa kutotaka. Walifika Arusha na vyama vikawakatalia viti. Baadaye wachache waliruhusiwa kuingia kama watazamaji. Julai 2000 Taasisi ya Mwalimu Nyerere na UNIFEM, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake, ziliitisha hapa Arusha mkutano wa wanawake wa Burundi, wawili kutoka kila upande kati ya pande 19. Wahutu na Watutsi kwa pamoja walitoka na orodha moja ya madai, wakamkabidhi msuluhishi, na mengi yakaingia kwenye mkataba: haki za wajane na wasichana, ulinzi dhidi ya ubakaji, urejeshaji wa wakimbizi wenye familia zisizo na baba. Dai la asilimia 30 ya nafasi za uongozi lilikataliwa na wanaume wa pande zote, ambao kwa hilo walielewana vizuri sana, lakini likaja kuandikwa katika katiba ya 2005. Nalitaja kwa uzito kwa sababu wanawake wale walifikia makubaliano kwa siku chache katika mambo ambayo vyama vilikuwa vikiyavuta kwa miaka miwili.

Kamati ya kwanza

Mwalimu aliigawa kazi katika kamati tano. Ya pili ilishughulikia demokrasia na utawala bora, chini ya Nicholas Haysom wa Afrika Kusini. Ya tatu ilikuwa ya amani na usalama, chini ya Padri Matteo Zuppi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, ambaye leo ni kardinali. Ya nne ilikuwa ya ujenzi mpya na maendeleo, ya tano ya dhamana za utekelezaji. Ya kwanza ilipewa Armando Guebuza wa Msumbiji, na swali lake lilikuwa: mgogoro huu ni wa nini?

Wafadhili wengi waliona kamati hii ni kupoteza muda. Wajumbe walibishana kwa miezi kuhusu ukoloni wa Wajerumani na Wabelgiji, kuhusu 1965, kuhusu 1972, kuhusu nani alianza. Kwa mtu aliyekuja na ratiba ya mwaka mmoja wa bajeti, huo ulikuwa uzembe. Mimi naamini ilikuwa kazi muhimu kuliko zote nne zilizobaki, na kwamba bila hiyo zile nyingine zingezalisha karatasi tu.

Tazama walichoandika. Kwamba utawala wa kikoloni ulichochea kwa makusudi utengano kati ya Wahutu, Watutsi na Watwa (jamii ya tatu, ndogo kuliko zote), ikiwamo kwa vitambulisho vilivyoandika kabila la mtu. Kwamba mgogoro wa Burundi kimsingi ni wa kisiasa, wenye sura nzito sana ya kikabila, na kwamba chanzo chake ni tabaka la wanasiasa kugombea kuingia madarakani au kubaki humo. Hebu fikiria ni akina nani waliotia saini maneno hayo: ni tabaka hilohilo la wanasiasa. Na kwamba tangu uhuru, vitendo vya mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu vimetendwa dhidi ya jamii za Watutsi na Wahutu.

Sentensi hiyo ya mwisho iligharimu muda mwingi, na ilistahili. Kabla yake, kila upande ulikuwa na mwaka wake. Watutsi wakitaja 1993, Wahutu wanajibu 1972, na kila jibu linasikika kama kufuta maiti za mwenzako. Kwenye maandishi ya Arusha, kwa mara ya kwanza, wanasiasa wa pande zote waliweka saini zao chini ya maneno yanayotambua wafu wa upande wa pili. Hawakukubaliana nani alaumiwe kwa lipi. Waliliacha hilo kwa tume ya kimataifa ya uchunguzi na kwa tume ya taifa ya ukweli na maridhiano. Lakini mtu aliyetambuliwa kwamba naye ameumia anaweza kuanza kusikiliza hoja kuhusu viti bungeni. Asiyetambuliwa hasikilizi chochote, hata umpe viti vyote.

Wanaosuluhisha migogoro midogo, ya mipaka ya mashamba au ya wafugaji na wakulima, wanalijua hili kwa uzoefu. Mzee anayeendesha baraza vizuri huwaacha watu waseme yaliyowakuta tangu mwanzo, hata kama kila mtu pale anayajua. Warundi wenyewe wana bashingantahe, wazee waamuzi wa kila kilima, ambao kazi yao ilikuwa hiyo kwa karne nyingi, na mkataba wa Arusha uliagiza heshima ya taasisi hiyo irudishwe.

Nusu kwa nusu

Suluhisho la hofu zile mbili liliandikwa kwa ufupi wa kushangaza. Katika vikosi vya ulinzi na usalama, kabila moja lisizidi asilimia 50, ili kuleta uwiano na kuzuia mauaji ya kimbari na mapinduzi ya kijeshi.

Maneno "mauaji ya kimbari" na "mapinduzi" yamekaa ubavu kwa ubavu, hofu ya Mtutsi na hofu ya Mhutu ndani ya kifungu kimoja. Watutsi, ambao hukadiriwa kuwa kama asilimia 14 ya Warundi wote, walibaki na nusu ya bunduki, kwa hiyo hapangekuwa na jeshi la kuwaangamiza. Wahutu walipata nusu ya jeshi lililokuwa likiwapindua, kwa hiyo hapangekuwa na mapinduzi ya kabila moja. Katiba iliyotokana na mkataba iliongeza asilimia 60 kwa 40 katika serikali na bunge, nusu kwa nusu katika seneti, na Watwa watatu katika kila chumba cha bunge.

Kuna wanaosema utaratibu huu uliufanya ukabila kuwa sheria, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Rwanda ilichagua njia tofauti kabisa, ya kutolitaja kabila katika nyaraka za dola. Lakini Burundi ilikuwa na miaka mingi ya kuambiwa rasmi kwamba makabila hayapo, huku maofisa wakitoka upande mmoja. Kwa Warundi wa 2000, kulitaja kabila hadharani kulikuwa ni nafuu. Redio za Bujumbura zilianza kulizungumza, watu wakatania juu yake, na likapungua sumu.

Mzee Mandela

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Desemba mwaka huo Nelson Mandela alichukua nafasi yake, akiwa na miaka 81.

Mbinu yake ilikuwa tofauti. Alipokutana na wajumbe Arusha Januari 2000 aliwakemea mbele ya kamera: watu wao wanakufa kila siku na wao wanavutana. Alikosoa waziwazi kambi ambamo jeshi lilikuwa limewakusanya Wahutu wa vijiji vya kuzunguka Bujumbura kwa mamia ya maelfu, akidai zifungwe. Alikwenda mwenyewe Burundi, akaingia hadi gereza la Mpimba. Wakati huohuo aliwaambia Wahutu kwamba hofu ya wachache ni ya kweli na inahitaji dhamana, na yeye alikuwa na haki ya kuyasema hayo kwa sababu alikuwa ametoka kuyafanya nchini kwake. Alitafuta pia makundi yenye silaha na kuzungumza nayo, jambo ambalo lilikuwa limekwama.

Nawaheshimu wote wawili, na nadhani haikuwa bahati tu kwamba walifuatana hivyo. Mwalimu asiye na haraka alifungua historia. Mandela mwenye haraka alifunga mjadala. Wangebadilishana zamu, Mandela angepata saini mapema juu ya karatasi ambayo hakuna aliyeiamini.

Siku ya saini na miaka iliyofuata

Agosti 2000 marais walimiminika Arusha, Bill Clinton wa Marekani akiwamo, na ndipo mji wetu ukapata sifa ya kuitwa Geneva ya Afrika. Chini ya sherehe hiyo kulikuwa na mapengo makubwa. Hapakuwa na makubaliano ya kusitisha vita. Haikujulikana nani angeongoza kipindi cha mpito. Baadhi ya vyama vya Watutsi vilikataa kusaini siku hiyo, vikasaini wiki kadhaa baadaye, na vingine viliambatanisha orodha za mambo wasiyoyakubali.

Mtu angeweza kusema mkataba ule umezaliwa mfu, na wengi walisema. Kilichouokoa ni mfululizo wa matendo ambayo kila moja lilikuwa jaribio. Wanasiasa waliokuwa uhamishoni waliogopa kurudi Bujumbura kwa sababu walinzi wao wangekuwa wanajeshi walewale. Oktoba 2001 Afrika Kusini ikapeleka askari 700 kuwalinda. Tarehe 1 Novemba 2001 Buyoya aliapishwa kuongoza nusu ya kwanza ya mpito, miezi 18, akiwa na makamu Mhutu, Domitien Ndayizeye. Mjini na vijijini watu walikuwa wakiapa kwamba mwanajeshi yule hataondoka. Tarehe 30 Aprili 2003 aliondoka, akampa Ndayizeye kiti. Siku hiyo iliwafundisha Warundi kuhusu kuaminiana kuliko hotuba zote zilizosomwa AICC, maana mwanajeshi Mtutsi alimkabidhi Mhutu madaraka kwa sababu karatasi ilisema hivyo.

CNDD-FDD walisaini makubaliano kamili tarehe 16 Novemba 2003 Dar es Salaam. Wapiganaji wao wakaingia jeshini, wakalala kwenye mabweni na watu waliokuwa wakiwindana nao. Katiba ilipitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005, na Agosti Pierre Nkurunziza, kiongozi wa CNDD-FDD, akawa rais kwa kura za bunge.

Kwa hiyo nchi ilianza kuongozwa kwa mkataba wa Arusha na chama ambacho hakikuwapo Arusha. Hapo ndipo kosa la mwanzo lilipodai deni lake. Kwa miaka mingi viongozi wa chama hicho waliuona mkataba ule kuwa ni wa wengine. Mkataba ulisema hakuna rais atakayetumikia zaidi ya vipindi viwili. Aprili 2015 Nkurunziza alitangazwa kugombea cha tatu, kwa hoja kwamba kile cha kwanza hakikutokana na kura za wananchi. Watu wakaingia barabarani, polisi wakafyatua risasi, na tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare akajaribu kumpindua na kushindwa. Watu zaidi ya 400,000 walikimbia nchi. Wengi walifika Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni Kigoma, wakachukuliwa kwa meli ya MV Liemba na kupelekwa kambini Nyarugusu.

Wengi huishia hapo na kusema Arusha ilishindwa. Mimi naiangalia 2015 kwa jicho jingine. Waandamanaji walikuwa Wahutu na Watutsi bega kwa bega. Jenerali aliyejaribu mapinduzi alikuwa Mhutu aliyetoka CNDD-FDD yenyewe. Jeshi lile la nusu kwa nusu, katika wiki za kwanza, lilisimama kati ya polisi na waandamanaji. Wapo waliojitahidi kuwasha moto wa kabila, na baadaye Watutsi jeshini na mitaani waliteseka kwa kushukiwa, lakini vijiji havikugeukiana kama 1993. Mgogoro ulikuwa wa madaraka, na ulibaki kuwa wa madaraka. Kamati ya Guebuza ilikuwa imeusema ukweli.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimteua Mzee Benjamin Mkapa mwaka 2016 kuendesha mazungumzo mapya, hapahapa Arusha. Yalifuata umbo la yale ya zamani bila nguvu zake. Serikali haikutaka kuketi na iliowaita wapinduzi, jirani hawakuwa na nia ya kuweka vikwazo, na hapakuwa na vita ambayo kila upande unaona hauwezi kuishinda. Oktoba 2018 serikali haikutokea kabisa. Kufikia hapo ilikuwa imeshapitisha katiba mpya, Mei mwaka huohuo, iliyorefusha muhula wa rais kuwa miaka saba na kulipa seneti miaka mitano kutathmini kama uwiano wa makabila uendelee. Mzee Mkapa alikuwa msuluhishi hodari. Lakini mtu asiyeona hasara ya kutozungumza hazungumzi, hata aitwe na nani.

Ardhi na makaburi

Kwenye vilima, maridhiano yalikuwa na sura ya shamba. Waliokimbia 1972 waliporudi walikuta ardhi yao inalimwa na wengine kwa miaka thelathini na zaidi, mara nyingine na watoto wa waliopewa na serikali kwa hati. Mkataba ulisema arudishiwe ardhi yake, au alipwe fidia. Fedha za fidia hazikuwapo. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilianza kwa kuwashawishi aliyerudi na anayelima wagawane. Haikuwa haki kamili kwa yeyote kati yao, lakini iliwafanya wazungumze na kuendelea kuwa majirani. Kuanzia 2011, chini ya uongozi mwingine, tume iligeuka na kumpa aliyerudi kila kitu. Waliofukuzwa ambao walinunua kwa nia njema nao wakawa na kinyongo kipya, na mwaka 2013 kukatokea vurugu mtaa wa Ngagara, Bujumbura, familia moja ilipoondolewa kwenye nyumba. Naamini kugawana, pamoja na ugumu wake wote, kulikuwa ni mazungumzo ya Arusha yaliyofika kwenye kilima, na kuliacha kulikuwa ni hasara. Upande wetu, Tanzania iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa 1972, na hilo liliondoa mzigo mkubwa kwenye vilima ambavyo havina ardhi ya ziada.

Tume ya ukweli ndiyo iliyocheleweshwa kuliko yote. Iliahidiwa 2000, ikaundwa 2014. Mkataba uliipa kazi ya kuiandika historia ya Burundi ili Warundi wote waweze kuisoma kwa namna moja. Mwaka 2020 ilifukua makaburi ya halaiki ya 1972 huko Karusi na kutangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Familia ambazo kwa miaka 48 zilikatazwa hata kuwalilia watu wao ziliona viatu, rozari, mikanda. Ilikuwa kazi njema na ya lazima. Desemba 2021 tume ikatamka kwamba mauaji ya 1972 yalikuwa ya kimbari dhidi ya Wahutu. Kuhusu Watutsi waliouawa na majirani zao Oktoba 1993, kazi yake imekuwa hafifu mno, na kwa Mtutsi aliyezika watu wake mwaka huo ukimya huo unasomeka vibaya. Wajumbe wa kamati ya kwanza walihangaika miezi mingi kuandika majina ya jamii zote mbili kwenye sentensi moja. Tume ina wajibu wa kuiheshimu sentensi hiyo: ifukue makaburi ya 1993 kwa juhudi ileile, na matokeo yasomwe kwenye vilima vilevile, Wahutu na Watutsi wakiwapo.